Besi Ikipotea

Ndugu msomaji wa Kahe, kabla hujatoa nauli kumfuata fundi Moshi mjini kwa kuwa muziki wa dansi katika kompyuta mpakato yako unalia kama debe, chomeka hedifoni usikilize. Besi ikisikika vyema humo, kasoro ni udogo wa spika zake. Besi hudai utando mpana usukumao hewa nyingi. Iunganishe kwa waya na redio kubwa ya nyumbani.

Ikiwa besi ilikuwapo, ikatoweka baada ya Windows kujisasisha, shaka iwe kwa dreva, yaani programu iendeshayo sauti. Katika orodha ya vifaa, futa jina la kifaa cha sauti, uwashe kompyuta upya. Windows hukirudisha yenyewe. Dreva nyingine ichukuliwe kwa mtengenezaji wa kompyuta, si kwa wachuuzi wa mitandaoni, ambao pengine hukuuzia virusi.