Benki Hulipa kwa Karatasi

Wakulima wa Bukoba na Muleba hawahitaji kufundishwa hatari ya kuuza mali kwa ahadi. Butura wanaijua: kahawa huuzwa ingali maua mtini, fedha zikaliwa kabla ya mavuno, na mwenye shamba akabaki mikononi mwa mwenye fedha. Ushirika wa Bukoba, ambao chama chake kikuu kiliundwa mwaka 1950, ulikuwa silaha ya kumtoa mkulima katika upweke huo. Lakini ushirika nao, unapouza kahawa ng'ambo kwa malipo ya baadaye, hushika ahadi. Ahadi hiyo huweza kulindwa na barua ya dhamana ya benki, ile ambayo wenye benki huiita standibai.

Yafaa barua hiyo ieleweke. Tuseme mnunuzi ameshindwa kulipa siku iliyowekwa. Chama hupeleka dai lake pamoja na hati zilizotajwa katika barua, na benki hulipa. Mnunuzi akilalamika kwamba kahawa ilikuwa na unyevu, huo ni ugomvi wake na chama, benki haimo. Wajibu wake umesimama mbali na mkataba wa mauzo. Kwa mnyonge hii ni nguvu kubwa, maana hulipwa kwanza, mabishano yakafuata. Udanganyifu ulio wazi waweza kuzuia malipo mahakamani, lakini manung'uniko matupu hayatoshi.

Lakini benki isiyotazama kahawa haitazami wala jasho la mkulima. Hati moja ikikosekana, au dai likifika baada ya muda wa barua kwisha, benki haina wajibu wa kutoa hata senti. Na kufika ni kufika kwenye ofisi ya benki iliyotajwa, si kupakiwa katika basi pale Bukoba.

Barua ikiwa imefungwa na kanuni za kimataifa za mwaka 1998, zilizoanza kutumika Januari 1, 1999, benki nayo ina mipaka. Kuzipima hati kwa siku tatu za kazi si kuchelewa. Kupita siku saba ni kuchelewa. Ikikataa, sharti itaje kasoro zote, na kasoro ambayo haikuitaja kwa wakati haiwezi kuifanya kisingizio baadaye.

Basi kiongozi anayeifungia barua kabatini bila kuisoma atawajibu nini wanachama? Twaona ni haki yao isomwe mbele ya kamati, kwa Kiswahili kilicho wazi. Zaidi ya yote litafutwe sharti linalotaka hati yenye saini ya mnunuzi mwenyewe. Hilo humpa mdaiwa ufunguo wa sanduku: asipotia saini, benki hailipi, na sheria iko upande wake. Sharti la namna hiyo likataliwe kabla gunia la kwanza halijatoka ghalani.