Tumbo la Jumatatu

Mjukuu wangu, kijana wa miaka tisa aliyekuwa darasa la tatu, alipatwa na maradhi ambayo sidhani kama tabibu yeyote amepata kuyaandika kitabuni: tumbo lililomshika kila Jumatatu alfajiri na kumwacha yapata saa nne asubuhi, pale alipokuwa na yakini kwamba kengele ya shule imekwisha kulia na lango limefungwa, kisha likamruhusu kula sahani nzima ya mihogo ya nazi na kupanda mwembe wa jirani. Mama yake alimpa maji ya tangawizi, baba yake alimwahidi bakora, nami, kwa kuwa mzee wa nyumba hutarajiwa kuwa na neno la hekima hata siku asiyokuwa nalo, nilimpa mawaidha. Nilimsimulia habari za waliosoma wakapata vyeo na za waliokataa kusoma wakawa wachukuzi wa mizigo, nikamtajia dada yake ambaye hakupata kushuka chini ya nafasi ya tatu tangu alipoanza shule, nikanyamaza nikiamini kwamba nimesema vizuri. Jumatatu iliyofuata tumbo lilikuja na homa.

Nasikia barazani, kila shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi wakiulizana dawa ya mtoto asiyependa kusoma, na dawa zitajwazo aghalabu ni mbili, fimbo na twisheni. Twisheni sitaisema sana, ila kwamba mtu aliyechukia chakula hatibiwi kwa kuongezewa sahani. Ama fimbo, hata sheria imeiona haya: Kenya iliipiga marufuku shuleni mwaka 2001, na huku kwetu Tanzania kanuni za mwaka 2002 zinaagiza viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au yule aliyempa idhini kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe daftarini. Ni wangapi wanaozifuata kanuni hizo, msomaji na ajijibu mwenyewe kwa kukumbuka mapaja yake.

Na tusijifanye kana kwamba kusitasita mbele ya mlango wa shule kumezuliwa na watoto wa zama hizi za simu na katuni. Serikali ya Wadachi ilipofungua shule yake hapa Tanga mwaka 1892, waliosita hawakuwa watoto bali wazazi wao, watu wazima wenye akili timamu, ambao watoto wao walikwisha kuwa na chuo cha kusomea Kurani na ambao hawakuona katika shule ile mpya dini yao wala heshima yao. Hakuna aliyewaita wavivu. Walikuwa na sababu, na asiyeitafuta sababu yao hakuweza kuwavuta hata kidogo. Yanishangaza kwamba sababu tunayokuwa radhi kumtafutia mzee wa kale mwenye kanzu na kilemba hatuko radhi kumtafutia mtoto wetu tunayelala naye nyumba moja.

Sababu ya mjukuu wangu niliipata pasipo kuitafuta, na niliipata kwenye bao. Jioni moja nilikuwa nimebanwa vibaya na sahibu yangu wa miaka mingi, mtu mwenye ulimi mkali kuliko mkono wake, kete za namua zimekwisha kuingia zote na tumo katika mtaji, nami nimeinua kete nataka kula, mara nikasikia sauti nyuma ya bega langu ikininong'oneza: “Babu, usianzie kichwa cha kulia, utalala. Anzia kushoto, utakula mara mbili, na ya pili ni nyumba yake.” Nikaanzia kushoto, nikala, nikazungusha, nikala tena, na nyumba ya sahibu yangu ikabomoka mbele ya mashahidi. Kwa asiyeujua mchezo huu nieleze kwamba bao lina mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne, na kwamba kuona mwisho wa mzunguko kabla ya kuuanza ni kufanya kichwani mambo ya kujumlisha na kutoa ambayo watu wazima huyafanya kwa kugusagusa mashimo na kidole. Aliyeyafanya ni mtoto ambaye karatasi yake ya mwisho wa muhula ilisema Hisabati 14 kati ya 50.

Tangu siku ile nikawa nacheza naye. Alinishinda mara chache, akashindwa mara nyingi, na kila aliposhindwa alizipanga kete upya kabla sijamwambia. Hapo ndipo nilipoanza kutaamali. Mtoto huyu hakuogopa kukosea, maana kila jioni alikosea, wala hakuogopa kazi ngumu, maana bao si kazi nyepesi. Basi kule darasani alikuwa akiogopa nini? Sikumwuliza kwa macho makavu. Nilimwuliza tukiwa tumeinamia mashimo, kila mmoja akihesabu kete zake, kwa kuwa nimeona katika maisha yangu kwamba mtoto, kama mtu mzima, husema kweli upesi zaidi mikono yake inapokuwa na shughuli.

Akasema kwamba Jumatatu kipindi cha kwanza ni kusoma kwa sauti. Mwezi wa pili alisimamishwa kusoma, akafika penye neno “wakang'ang'ania”, akakwama katika ile ng' ya kwanza, akairudia, akakwama katika ya pili, darasa likacheka, na mwalimu, ambaye alikuwa kijana mwenye watoto themanini na saba mbele yake na koo limemkauka, akacheka nao, kisha akamwacha amesimama hadi kipindi kikaisha. Walipotoka nje alikuwa amekwisha kupewa jina. Aliitwa Ng'ang'a, uwanjani, njiani, na hata dukani mbele ya mama yake, ambaye alidhani ni utani wa kawaida wa watoto.

Basi huo ndio uliokuwa uvivu wake. Naamini, na nayasema haya bila ya kudai elimu ya ualimu, kwamba wengi katika watoto tunaowaita wavivu wa kusoma ni watoto waliotahayarishwa, nao huikimbia shule kama mtu aliyeanguka hadharani anavyoukimbia mtaa ule. Simlaumu mwalimu peke yake. Sisi nyumbani tulikuwa tumeishika kazi ile ile kwa upande wa pili, mimi nikiwa wa mbele kwa mfano wangu wa dada yake, na baba yake kwa swali lililompokea kila jioni ya kufunga shule, “Umekuwa wa ngapi?”, kana kwamba elimu ni mbio za ngalawa. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne pasipo orodha ya shule kumi bora, wengi walinung'unika kwamba wamenyimwa tamu yao. Mimi nilifurahi, ingawa najua kwamba orodha iliyo kali kuliko zote hubandikwa mezani pa chakula.

Nilikwenda shuleni bila ya ghadhabu, nikamwomba yule mwalimu asimsimamishe kijana kwa ghafla kwa muda wa mwezi mmoja. Alikubali mara moja, akasema hakukumbuka hata kidogo siku ile ya kicheko, nami nilimsadiki: kicheko cha nusu dakika, ambacho mmoja katika themanini na saba alikibeba miezi mitatu. Nyumbani nikaanza kusingizia macho. Miwani yangu nikiwa nimeitia mfuko wa kanzu, nilimwomba anisomee gazeti ukurasa wa michezo, habari za Coastal Union kwanza, timu iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988 na ambayo tangu hapo imetufundisha subira. Alisoma kwa kuburura. Nilijizuia kumsahihisha, na jambo hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko mawaidha yote niliyopata kutoa. Siku moja alikwama katika jina la mchezaji mgeni, akaniletea gazeti karibu, nami nikakwama vilevile, miwani ikiwa imekwisha kutoka mfukoni, na tukacheka sote wawili.

Sahibu yangu wa bao hakupendezwa. Alisema ninamdekeza mtoto, kwamba dunia haimwondolei mtu maneno magumu njiani. Ni kweli, nami sikumwondolea hata moja, maana katika gazeti yamo mengi kuliko kitabuni. Nilimwondolea hadhira.

Jambo lililonifurahisha zaidi lilinijia baadaye. Nilimsimulia habari za Kimani Ng'ang'a Maruge wa Kenya, ambaye serikali ya huko ilipoondoa karo katika shule za msingi mwaka 2003, yeye mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 84, alivaa kaptura na soksi za shule, akaketi darasa la kwanza mjini Eldoret pamoja na watoto wa rika la vitukuu vyake, kwa kuwa alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Na mwaka 2005 akapelekwa New York kusema mbele ya watu wa mataifa juu ya elimu ya watoto wasioipata. Nilieleza kwa kirefu jinsi mzee yule alivyovumilia kuchekwa, nikilitaja jina lake la katikati kila nilipopata nafasi. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akaniuliza kama mzee huyo alikuwa akijua bao.

Sasa yumo darasa la nne. Wenzake wangali wakimwita Ng'ang'a, naye huitika. Tumbo limepungua, lakini halijaisha. Hurudi mara moja moja, hasa siku ya imla, na siku hiyo mama yake humpa tangawizi, kisha mkoba.