Jinzi Yako ya Toi na Bakteria wa Bogoria

Wasee, hii hadithi ya "bakteria hana kitambulisho" inafaa ikome. Kila nikitaja Bogoria lazima mtu aseme vijidudu ni vya dunia nzima, na aliyevigeuza pesa asisumbuliwe. Mimi sikubali.

Tuanze na jinzi. Hapa Soweto West wengi tunavaa mitumba ya Toi, na ile tunagombania ni ile imepauka mapajani kama imevaliwa miaka mingi. Zamani viwanda vilizifua na mawe ya volkano ndio zipauke. Baadaye vikapata vimeng'enya, yaani protini za vijidudu zinazotafuna nyuzi za pamba juu juu na kulegeza rangi. Mawe hayahitajiki sana tena.

Sasa, si kila kimeng'enya kinavumilia maji ya sabuni, kwa sababu sabuni ya kufulia ina ukali wa magadi. Na Ziwa Bogoria, kule Baringo, ni magadi matupu: pH karibu 10, chumvi kibao, chemchemi zinachemka ukingoni. Samaki hatoboi hapo. Bakteria wa hapo asipokuwa na vimeng'enya vya kustahimili hayo maji, anakufa. Kwa hivyo kile kiwanda kinatafuta, ziwa lilishakipika kitambo, kabla mtu yeyote avae koti jeupe la maabara. Hata kwenye barafu ya Antaktika ni vivyo hivyo. Mwaka 2012 wanasayansi walitangaza bakteria hai kwenye maji ya chumvi ya Ziwa Vida, nyuzi 13 chini ya sifuri, bila oksijeni. Kemia ya mahali ndiyo inaamua nani ataishi na ataishi vipi. Usiniambie mahali hapana maana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichota sampuli Bogoria. Vimeng'enya vikafika kwa kampuni ya Genencor, vikaingia sokoni. KWS ilikuja kudai mgao hadharani mwaka 2004. Zaidi ya miaka 10! Na hapo ndipo naumia, kwa sababu bakteria akishakuzwa Ulaya hakuna haja ya kurudi Bogoria. Chupa moja inatosha. Si kama majani chai, ati watarudi msimu ujao kununua. Halafu kibali cha utafiti si kibali cha biashara, hata kama karatasi zote zina mhuri.

Mnasema mgao hauwezekani? Mwaka 2007 KWS hiyo hiyo iliingia mkataba na Novozymes ya Denmark. Inawezekana, ukiwahi.

Na Waendorois je? Walifurushwa kando ya ziwa miaka ya 1970 ndio pawe hifadhi. Mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ukatoka: warudishiwe ardhi yao, walipwe na mrabaha. Hao ndio wenye ziwa, si ofisi ya Nairobi.

Wakati tunabishana, maji ya Bogoria yamepanda tangu miaka ya 2010, chemchemi zingine zimemezwa. Maji matamu yakiingia, magadi yanapungua makali, na wakaaji wa ziwa wanabadilika pia. Kwa hivyo kabla chupa ingine ipande ndege pale JKIA, nataka kuona mkataba wa biashara mezani, na sahihi ya Waendorois juu yake.