Masini ya Mama Itakwenda kwa Nani?

Mwezi huu tuseme neno ambalo watoto wanaona haya kulitaja wazee wakingali hai: vyombo vya nyumbani mwao. Masini ya kushona ya mama. Kabati ya sahani. Kitanda cha mbao papa alichotengenezesha wakati wa ndoa. Na vile vikwembe vya sandukuni ambavyo mama havai hata siku ya Pasaka!

Ninyi mulio kule machimboni, Rubaya ao Bisie, munasema: nitawanunulia kitanda kingine. Lakini hapa Kiwanja mzee aliyekimbia vita mwaka 2008, akakimbia tena Oktoba 2022, anajua kila kitu kilichobaki kiliponaje. Wengine walifika Kanyaruchinya na godoro tu kichwani. Ile masini unayoiona ya zamani, mama akiitazama anaona pesa ya shule yenu.

Sisi wachungaji tunaitwa kisha mazishi. Kilio hakijaisha, na sufuria zimekwisha kubebwa. Wanasema: Pasta, tugawanyie. Bwana wetu mwenyewe aliikataa kazi hiyo (Luka 12:13-14), nami siipendi.

Sheria iko. Kodi ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inampa mume ao mke aliyebaki haki ya kutumia nyumba waliyoishi pamoja na vyombo vilivyomo. Basi, jamaa wakibeba kitanda na mjane analala chini, wasiniambie ni desturi. Ni unyang'anyi.

Ni heri kuwauliza wazee wenyewe, wakiwa wote wawili, pole pole. Usianze na kugawa. Anza na habari ya kitu: nani alikinunua, wapi, kwa mavuno gani. Mara mama atasema mwenyewe kwamba masini iende kwa binti anayejua kushona, hata kama si mkubwa. Hapo wakubwa wanakasirika. Mimi niko upande wa mama: kitu cha kazi kiende kwa mikono inayokijua.

Kisha iandikwe. Papa akijua kuandika, aandike yote kwa mkono wake, aweke tarehe na sahihi. Wasia wa namna hiyo sheria inaukubali. Asiyejua aende kwa ofisa wa etasivili. Na kitu kisitoke nyumbani kwanza! Yule mwenye motokari asiseme anapeleka kabati Goma kwa usalama.

Musome Yohana 19:23-27. Askari wanapigia nguo kura, na saa ile ile Yesu anapanga mama yake atakaa kwa nani. Mara nyingi sisi tunafanya kazi ya wale askari, tunasahau kuuliza mama atalala wapi.

Kuna kitu kimoja kisichogawanyika: Biblia ya familia, ile yenye tarehe za kuzaliwa kwenu. Ikae kwa mmoja. Lakini nakilini tarehe zile sasa, kila mtoto na karatasi yake, sababu tumekwisha kuona nyumba zikiungua na Biblia ndani.