Asiyeona Hashibi kwa Mchele Peke Yake

Burudani kwa mtu mzima asiyeona ni haja, sawa na chakula na mavazi. Hata hivyo, kila Siku ya Kimataifa ya Fimbo Nyeupe, tarehe 15 Oktoba, inapokaribia, mimbari hurudia neno lile lile: wasioona wapelekewe mchele, sabuni na mafuta, mengine ni anasa. Kauli hiyo inaudhi, kwa sababu inamfanya mtu mwenye nguvu na akili timamu kuwa chombo cha kuchumia thawabu za wengine.

Historia inaikataa. Goliboli ilibuniwa mwaka 1946 na Hanz Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita vya Pili vya Dunia. Watu wazima waliopoteza macho walipewa mpira, na mpira huo ukahesabiwa kuwa sehemu ya huduma za utengamao. Wachezaji watatu kila upande, wote wamezibwa macho ili mwenye uoni hafifu asimzidi asiyeona kabisa, huviringisha mpira wa kilo 1.25 wenye njuga ndani, na watazamaji hunyamaza ili mlio usikike. Tangu 1976 mchezo huo umo katika Paralimpiki.

Henry Wanyoike wa Kikuyu, Kenya, alipofuka mwaka 1995. Miaka mitano baadaye alitwaa dhahabu ya mita 5,000 katika Paralimpiki ya Sydney. Mwongozaji wake ndiye aliyeishiwa nguvu, naye Wanyoike akamvuta hadi mwisho. Hakufikishwa huko na gunia la mchele. Alifika kwa kukimbia bega kwa bega na mtu mwingine.

Wapo wanaodai kwamba asiyeona akicheza ataumia. Hoja hiyo ni hafifu mno. Wenye macho huvunjika miguu kila Jumapili katika viwanja vya mtaa, na hakuna anayewafungia ndani. Kinachomuumiza asiyeona ni mtaro ulioachwa wazi, bodaboda iliyoegeshwa juu ya njia ya miguu, na kondakta wa daladala asiyetaja kituo. Wanaosababisha hayo ndio wanaostahili kuhubiriwa.

Gharama nayo si kisingizio. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, huchezeka kwa vidole, maana kete huhesabika kwa kuguswa. Sataranji ya wasioona huhitaji ubao wenye matundu ya kushikilia vipande, na miraba myeusi iliyoinuliwa kidogo. Matembezi ya jioni yanataka jirani mmoja tu wa kushikwa kiwiko. Tena barazani, bao linapochezwa, ndipo zinaposikika habari za kazi, za mkopo na za msiba. Aliyeachwa chumbani na mchele wake hazimfikii.

Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu watu wenye ulemavu inaitambua burudani na michezo kuwa haki yao. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009. Halmashauri, misikiti na makanisa yenye kumbi na viwanja yatenge basi jioni moja kila wiki, na jirani asisubiri Oktoba kumkaribisha asiyeona barazani.