Mwacheni kijana wa Hirbadaw agonge pipa

Kuna hoja nimechoka kuisikia hapa mjini. Kwamba kijana wa Hirbadaw, kule kwetu Hanang, ana shida ya maji, ana shida ya barabara, ana shida ya bei ya mbaazi, sasa habari za kujifunza rege kwenye stilipani zinamhusu nini? Mhariri mmoja (simtaji, mshahara bado ninauhitaji) alinirudishia makala yangu akaniambia nikaandike mambo ya maana. Haya bwana. Nayaandika hapa.

Kwanza tuelewane stilipani ni kitu gani, maana wengi wenu mnadhani ni mchezo wa watalii kwenye meli. Ni pipa! Pipa lile lile la lita 200 ambalo bibi yako anakingia maji ya mvua. Waliolibuni ni vijana wa vitongoji maskini vya Port of Spain, Trinidad, miaka ya 1930 na 1940. Waingereza walikuwa wamewabana na sheria dhidi ya ngoma tangu miaka ya 1880, wakahamia kugonga mianzi. Kutoka kwenye mianzi wakaenda kwenye makopo na vyuma chakavu, mwisho wakatua kwenye mapipa ya mafuta. Waheshimiwa wa mji wakawaita wahuni, polisi wakawafukuza. Mwaka 1951 hao hao wahuni, kundi lililoitwa TASPO, walikwenda London kupiga kwenye tamasha kubwa la taifa la Uingereza. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ukaitangaza tarehe 11 Agosti kuwa Siku ya Stilipani Duniani. Mheshimiwa mhariri, hayo nayo si ya maana?

Sasa njoo Hanang. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano huko kwenye mashamba makubwa mno, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao walikwenda hadi mahakamani kuidai. Mradi umekwisha, NAFCO haipo. Kilichobaki ni mazoea ya trekta, na trekta bila dizeli haliendi, na dizeli kijijini hukaa kwenye pipa. Trinidad pipa lililetwa na mafuta, kwetu limeletwa na shamba. Chuma ni kile kile.

Na mikono ya kukifua tunayo. Nenda Gerezani, Dar, ukasimame dakika kumi tu uone wale jamaa wanavyogeuza chuma chakavu kuwa majiko, masanduku na ndoo. Kutengeneza stilipani nako kunaanza na nyundo: kitako cha pipa kinafuliwa mpaka kinabonyea kama bakuli, kila noti inachorewa eneo lake, kinapitishwa motoni, halafu nyundo tena ya kusaka sauti. Hapo mwisho ndipo penye kazi, sidanganyi mtu. Fundi wa kutuni anahitaji miaka na sikio kali. Lakini fundi wa Trinidad naye hakuzaliwa nayo. (Jamani, pipa lililobeba sumu ya shamba msiliguse, likipashwa moto litawadhuru.)

Wapo na wale wa "utamaduni wetu". Wanasema tupige zeze, hili pipa ni la wageni. Zeze nalipenda, na marehemu Hukwe Zawose alilifikisha mbali kuliko mabalozi wengi. Ila mbona hamjarudisha magitaa ya muziki wa dansi? Mbona kanuni ya taarab hamjairudisha Misri? Kitu cha mgeni kinakuwa chako siku unapokipiga vizuri kuliko ulivyofundishwa.

Mimi mwenyewe ni mwanafunzi. Pani yangu ni ya mtumba, aliniachia rafiki aliyesoma London, kule bendi za mapipa hupiga Notting Hill kila Agosti. Mpya hapa nisingeigusa, nzuri inazidi dola 1,000. Noti zake zimezunguka kama saa ya ukutani, do amekaa kati ya fa na so. Ukigonga kwa hasira inalia kama sufuria iliyoanguka. Ukiigusa tu kwa fimbo yenye mpira, inaimba.

Na kwa anayeanza, rege ndiyo mwalimu. Haina haraka. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Kodi zako ziguse kwenye mbili na nne, fupi fupi, kisha nyamaza. Moja iache tupu, na ngoma kubwa ianguke kwenye tatu. Kodi mbili zinatosha wimbo mzima. Kazi ngumu ni kule kunyamaza. Nilipokwenda likizo Hirbadaw na pani yangu, watoto wa darasa la sita walilipata hilo mapema kuliko mimi. Sishangai. Wairaqw tuna slufay, dua ya wazee, mmoja anasema na waliokaa wanaitikia kwa wakati wake. Anayejua kusubiri zamu ya kuitikia ameshajua nusu ya rege.

Mtasema rege ni bangi. Justin Kalikawe, aliyefariki 2003, alikuwa mtu wa Bukoba na aliimba mambo ya watu. Jhikoman ameijenga rege yake Bagamoyo. Wasikilizeni kwanza, halafu tubishane.

Hoja yangu kubwa iko shuleni. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Safi kabisa! Sasa mwalimu wa kijijini afundishe muziki kwa kutumia nini, picha ya kinanda ubaoni? Kinanda kinataka umeme na fedha za kigeni. Pipa linataka nyundo, moto, na mtu aliyefundishwa kulituni. Kwa nini VETA isichukue vijana wanne, watano wenye masikio, ikawaletea fundi mmoja wa kutoka Trinidad kwa mwaka mmoja? Semina ngapi za posho tumelipia kwa fedha kama hizo?

Diwani, mbunge, afisa utamaduni wa wilaya, nawauliza hadharani. Na kama wewe msomaji unamjua fundi yeyote wa Gerezani au Arusha aliyewahi kujaribu kutuni pipa, hata kama lilimshinda, niandikie. Pipa safi lipo Hirbadaw, limefunikwa turubai, nauli ya fundi nitatoa mimi.