Weka kiberiti chini, nunua rangi

Wacha niseme mapema kabla hamjaanza matusi: msee anayemwaga petroli kwa tundu la ukuta wa mbao halafu anawasha kiberiti ili aue nyuki mmoja, huyo si mjanja, na vidio yake haichekeshi. Nimetumiwa hiyo vidio mara sita wiki hii, kila mtu akiweka emoji za kucheka. Mnacheka nini? Hiyo ni nyumba ya mbao. Mbao kavu, ya Isiolo, jua la hapa limeikausha miaka kumi. Na keja yenyewe imeshikana na ya jirani, ukuta ni mmoja, upande huu ni wewe, upande ule ni mama na mtoto mchanga amelala.

Mnajua ni mdudu gani naongelea. Yule nyuki mkubwa mweusi, mnene kama kidole gumba, anaunguruma kama bodaboda imetolewa saileni. Wengine wana mshipi mweupe au wa manjano mgongoni. Anatoboa mbao, tundu limeviringa sawasawa utadhani fundi alipita na drili, na chini yake unapata unga wa mbao umemwagika. Ukikaa Bulla Pesa au Kulamawe ndani ya nyumba za mbao, hutanidanganya ati hujawahi kumwona.

Sasa najua kamenti inakuja: "Wewe uliacha chuo, utatufunza nini kuhusu wadudu?" Niliacha chuo juu ya karo. Kusoma sikuacha. Tuendelee.

Huyu nyuki hali mbao. Hapo ndipo watu wanapotelea. Mchwa anakula mbao, na mchwa akiingia kwa nguzo utaona tope, utagonga na ukuta utalia kama debe tupu. Huyu wetu anatafuna ili apate mahali pa kuzalia tu, ule unga anautupa nje. Akiingia kama sentimita mbili tatu anapinda, anafuata mistari ya mbao, anachimba kama korido. Ndani ya hiyo korido anaweka mpira wa chavua uliochanganywa na asali kidogo ya maua, anataga yai juu yake, anaziba na ukuta wa unga wa mbao, anaanza chumba kingine. Kila mtoto na bedsita yake na chakula chake. Kusema ukweli, huyo mama amepangilia makao kuliko lando wangu.

Na hana jeshi. Hii ndiyo tofauti kubwa na nyuki wa asali, wale ukiwachokoza wanakuja wote na unaweza kufa. Huyu anaishi kivyake au na jamaa wachache. Yule anayekuja kuning'inia hewani mbele ya uso wako kama askari wa geti, anakutisha, mara nyingi ni dume, na dume hana mwiba. Hana kabisa. Jike anao, lakini mpaka umshike na mkono au umfinye ndiyo akudunge. Kwa hivyo yule kijana wa vidio alikuwa anapigana vita na mtu ambaye hata ngumi hana. Akitaka vita na nyuki aende kwa mzinga, nione kama atarekodi.

Wanaosema petroli ni mbaya mara nyingi wanakimbilia kitu kibaya vilevile: dawa ya chupa ya soda. Unaenda sokoni, msee anakupimia kitu cheupe kama maziwa kutoka kwa mtungi, anakutilia kwa chupa ya plastiki ya soda, hakuna jina, hakuna maagizo, "weka kidogo tu, itaua kila kitu." Kila kitu ni nani? Kenya tuko na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, na dawa yoyote inayouzwa inatakiwa iwe imesajiliwa na ije na lebo yake. Ile ya chupa ya soda haina mwenyewe. Unaipulizia kwa tundu lililo mita moja juu ya kitanda, usiku unalala unaivuta. Chupa iliyobaki unaiweka nyuma ya mlango, na mtoto wa jirani anajua chupa ya soda ni ya soda.

Sisi watu wa hizi sehemu ndio hatufai kufunzwa hii mambo. Furadan iliundwa kwa ajili ya wadudu wa shambani. Watu wakaiweka kwa mizoga, simba wakafa, tai wakafa, mpaka kelele ikawa kubwa na mwaka 2009 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ikaanza kuirudisha kutoka madukani Kenya. Sumu haiulizi jina lako kabla ya kuua.

Lakini kijana wa petroli si adui yangu mkuu. Huyo ni mjinga tu, ataacha. Mimi niko na shida na malando.

Angalia vile hizi nyumba zinajengwa. Mbao laini, saipresi mara nyingi, au zile ofkati za bei ya chini. Zinapigwa misumari vile zilivyo, bila rangi, bila chochote. Mwaka wa kwanza zinang'aa. Mwaka wa tatu zimekuwa kijivu na zimepasuka. Huyu nyuki ukimuuliza ndoto yake ni nini, ni hiyo: mbao laini, kavu, tupu, iliyopigwa na jua. Mbao iliyopakwa rangi ya mafuta vizuri haipendi, anapita anaenda kwa jirani. Hii kitu imejulikana zamani. Kwa hivyo lando aliyekataa kununua kopo la rangi ndiye aliyeandika "karibu" kwa huo ukuta.

Halafu ukitaka kuhama anakuja anahesabu matundu. Mimi nilihesabiwa kumi na moja. Ati nimeharibu nyumba, ati yatakatwa kwa dipositi. Mimi ndiye nilitoboa? Nina meno ya aina hiyo? Na si mimi peke yangu, nimeongea na watu wanne hapa kwa ploti wameambiwa wimbo huo huo. Kwa hivyo someni, wasee. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inasema mwenye nyumba ana wajibu wa kuhakikisha nyumba inafaa binadamu kuishi siku unapoingia, na ibaki hivyo muda wote unapokaa. Ukikosana naye muonyeshe hicho kifungu, kwa heshima, na uwe na picha za siku uliyoingia. Piga picha za kuta. Leo.

Kazi yenyewe haihitaji shujaa. Kwanza hakikisha hakuna mtu ndani. Ziba tundu na karatasi laini jioni, bila kushindilia. Ikiwa iko hapo hapo siku tatu nne baadaye, hakuna anayeingia wala kutoka. Subiri wiki kadhaa zaidi maana kunaweza kuwa na watoto bado wanakua, na ukiwafungia watatoboa njia nyingine, utakuwa umejiongezea matundu. Ikitulia, chonga kijiti cha mbao, kipake gundi ya mbao, kigonge ndani, sawazisha na puti, kisha paka rangi ya mafuta ukuta wote. Usipake pale kwa tundu peke yake. Tundu la zamani usiliache wazi, maana vizazi vinavyofuata hupenda kurudi nyumba ya mama yao badala ya kuchimba upya. Oili chafu ya gari? Watu wanapaka, najua. Inanuka miezi, inachafua nguo, na umerudisha mafuta kwa ukuta karibu na jiko la makaa. Apana.

Na mahali kuna nafasi nyuma ya ploti, acha gogo kavu limesimama. Atahamia huko. Sisemi hivi juu ya huruma. Kuna maua ambayo hayatoi chavua mpaka yatikiswe kwa mngurumo, na huyu ndiye mtaalamu. Biringanya ni moja, nyanya pia inafaidika. Nyuki wa asali hajui hiyo kazi. Utafiti uliofanywa Nguruman, Kajiado, na kuchapishwa 2008, ulikuta nyuki wa mbao ni kati ya wale wanaochavusha biringanya vizuri zaidi. Pasheni nayo, ua lake ni kubwa hivi kwamba nyuki wadogo wanachukua chavua bila kugusa pale panapotakiwa. Kule Brazili mahali huyu nyuki amepotea, wakulima wanachavusha pasheni kwa mkono, ua moja moja. Fikiria hiyo kazi. Mtu akilima nyanya kule Gafarsa au pasheni huko Meru, halafu wewe unakuja kulalamika bei sokoni, kumbuka ulimchoma nani.

Mtaniambia, "Sasa tulale na wadudu?" Hapana. Sitaki tundu juu ya kitanda changu pia. Nataka rangi.

Lando, najua unasoma hizi posti zangu, mtoto wako ananifuata. Hadiwea inafungwa saa kumi na mbili. Brashi niko nayo, mikono niko nayo, Jumamosi niko huru. Leta tu kopo.